Umeme wa Shingoni

Ghorofa ya pili, Nyumba ya Ngazi za Chuma,
S.L.P. 318.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa kitako, na si umesimama jikoni ukigombana na masufuria. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linatabiri mvua kuliko redio. Na mzee wako, kifua kimemwachia? Nisalimie. Mwambie lile koti lake nimelikata na limeshonwa, limebaki vifungo tu. Najua amenuna, lakini koti litakuja.

Sisi huku tuko salama, kwa ile maana ambayo watu huitumia wakiulizwa njiani. Mama hajambo. Presha yake imetulia tangu aache chumvi kwenye chakula, ingawa naona ile chumvi yote ameihamishia kwenye maneno. Mwenye nyumba hatimaye ametengeneza bomba la ngazini, kwa hiyo hatuoshi tena miguu kwa lazima tukirudi kazini. Kuku wa jirani bado anataga kwenye kikapu chetu cha nguo, na jirani bado anadai mayai yake kwa sauti.

Najua umeshaona mwandiko, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kupanga herufi mstarini kama watoto wa shule asubuhi, na hizi zimetawanyika kama watoto haohao kengele ya mwisho ikilia. Sijalewa, wala sijaandikiwa na mtu. Ni mkono wangu mwenyewe, na huo mkono ndio habari yenyewe. Nilikupigia simu mara mbili nikuambie. Mara zote mbili nikaishia kukuuliza hali ya hewa, ukanijibu kwa dakika ishirini. Nimeona heri niandike, maana karatasi haikatizi maneno na haisikii mtu akilia.

Ilianza mwezi wa pili. Kazi yangu unaijua: mimi ni fundi wa kukata. Karakana yetu ina vyerehani vinne na meza moja ndefu, na ile meza ndiyo yangu. Natandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki, nakata. Siku nzima nimeinama. Basi siku moja nimeinamisha kichwa nitazame mstari wa chaki, umeme ukanipiga. Ulianzia shingoni, ukateremka uti wa mgongo wote, ukatokea kwenye vidole vya miguu. Haukuuma sana. Ulikuwa wa sekunde moja, kama mtu amenigusa na waya kisha akauondoa. Niliruka, mkasi ukaanguka.

Nikajua ni pasi. Pasi yetu inakaa pembeni mwa meza, na waya wake umeviringishwa utepe mweusi mahali pawili. Nikamwambia Mama Kipimo, yule mwenye karakana, tunayemwita hivyo kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Naye, pamoja na ukali wake, hana mchezo na umeme. Akamwita fundi.

Fundi alikuja na bisibisi nyuma ya sikio. Akabadilisha waya wa pasi, akafungua soketi, akapimapima, akasema kila kitu kiko sawa. Nikainama mezani kumwonyesha niliposimama. Umeme ukanipiga mbele yake.

"Umeona?" nikamwambia. "Huu hapa!"

Akanitazama, akatazama pasi, akatazama juu ukutani. "Dada yangu," akasema, "pasi nimeichomoa. Swichi kuu nimeizima. Hata taa hazina moto. Kama humu ndani kuna shoti, basi ni wewe."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mzaha ulikuwa mzuri. Wiki nzima wakawa wananiita Transfoma. Mtu akitaka kuchaji simu ananiuliza kama niko tayari.

Lakini jioni ileile nilirudi nyumbani, nikaketi ukingoni mwa kitanda nivue viatu. Nikainama kufungua kamba. Umeme. Upande ule wa chumba hauna hata soketi. Nikainama tena, makusudi. Umeme tena. Nikafanya mara ya tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe akasikia mgeni akiitikia.

Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni nimelala vibaya, mto umekuwa mgumu. Nikabadilisha mto.

Mwezi wa tatu mkono wa kulia ukavaa glavu. Sina neno jingine. Ulikuwa mkono wangu, unafanya kazi, lakini kati yangu na kila nilichokishika palikuwa na kitu kama kitambaa kizito. Nikishika chaki, sijui nimeshika au nimeachia mpaka nitazame. Siku moja tulikuwa na mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, nayabana pini kabla ya kushona. Nikaona doa jekundu kwenye kola. Nikapindua la pili, doa. La tatu, doa. Nikaanza kumtafuta mwenye kidonda, nikadhani ni mmoja wa mafundi. Kumbe pini ilikuwa imezama kwenye kidole changu muda wote ule, na mimi napiga mluzi.

Mama Kipimo akaja, akayaona. "Wewe mtoto," akasema, "kama ni mapenzi, yaache pale mlangoni na viatu. Humu ndani nataka akili."

Nikamwambia anisamehe. Nikayaloweka mashati kwenye maji ya baridi. Kidole nilikifunga kitambaa, na hakikuniuma, na huko kutouma ndiko kulikonitia hofu.

Halafu likaja jicho. Hili, Shangazi, nilivyoligundua ni karibu lichekeshe. Mteja mmoja, mkunga wa zahanati, alituletea kitambaa chekundu cha gauni la kustaafu kwake. Mama Kipimo akanituma nichague uzi. Nikachagua, gauni likashonwa, likatundikwa. Mchana Mama Kipimo akalitoa nje kwenye mwanga, akaniita kwa jina langu lote. Uzi ulikuwa wa rangi ya tofali. Mshono mzima wa gauni jekundu ulionekana kama kovu.

"Uko kipofu?" akaniuliza.

Ndilo swali nililokuwa najiuliza mwenyewe. Nilichukua kibiringo cha uzi mwekundu kabisa, nikaenda nacho chooni, nikafunga jicho la kulia. Uzi ukawa tofali, umechuja kama umefuliwa mara mia. Nikafunga la kushoto, ukarudi kuwa mwekundu kama damu. Nilisimama pale nikifumba hili na kufumbua lile mpaka watu wakabisha mlango. Sijui kama umewahi kusimama mahali ukaona dunia ina rangi mbili, na hujui ipi ndiyo ya kweli.

Tangu siku hiyo nikaanza kuiuliza simu. Kila jioni baada ya chakula naandika dalili zangu, nasoma. Simu haina huruma, Shangazi. Haikuulizi umekula nini wala umelala vipi. Inakupa jina la ugonjwa, na chini yake majina mengine kumi, kila moja lina picha. Kuna jioni niliyokufa mara tatu kabla Mama hajamaliza kuosha vyombo. Nikaacha kuisoma, nikairudia. Nikaifuta historia yote kama mtu anayeficha barua za mchumba.

Nilikwenda zahanati peke yangu, siku ya mapumziko. Tabibu alinipima presha, akaniuliza umri. Nikasema ishirini na tano. Akatabasamu. "Vijana mna msongo wa mawazo siku hizi. Pumzika, kunywa maji, hizi hapa vitamini." Nikazimeza zote. Mkojo ukawa wa njano kama taa, mkono ukabaki vilevile. Nikaenda kwa mtu wa macho, akasema jicho lenyewe halina kasoro hata kidogo. Basi nikatoka pale na jicho zima lisiloona vizuri, mkono mzima usioshika vizuri, na shingo nzima yenye umeme. Kila mtu ananiambia niko mzima. Nikaanza kujiuliza labda nina wazimu, na ule nao niliuogopa.

Nisikuchoshe. Kilichofichua mambo ni mkasi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Tulipewa kazi ya suruali za shule moja, nami nikatandika tabaka kumi na mbili. Unajua kukata tabaka kumi na mbili: ukikosea, hukosei mara moja, unakosea mara kumi na mbili. Nilikuwa nimefika kwenye pindo la kiuno. Mkono ukaacha kunisikia. Haukutetemeka, haukuuma, uliacha tu. Mkasi ukakata ukaenda kando, ukapita katikati ya paja, ukasimama. Nilitazama kitambaa kimefunguka kama mdomo, na sikuwa nimehisi chochote.

Mama Kipimo alikuja mbio. Alifungua kinywa, nikayaona matusi yamepanga foleni. Nikamtangulia. Nikasema, "Mama, mkono wangu sio wangu." Nikalia mbele ya karakana nzima, mimi ambaye hata siku ya kumzika Baba nililia chumbani.

Aliwatoa mafundi wote nje wakanywe chai. Akafunga mlango, akaketi juu ya ile meza, kitu ambacho akimwona mtu mwingine akikifanya anamtimua. Nikamwambia yote, tangu pasi. Alikuwa akiivuta ile tepu yake shingoni, huku na huku, huku na huku.

"Miezi mitatu," akasema mwishowe. "Miezi mitatu nakutukana, na wewe unanyamaza tu?"

"Nilidhani itapita."

"Ungekuwa cherehani ningekupeleka kwa fundi siku ileile." Akashuka mezani. "Kesho huji kazini. Kesho unakwenda hospitali kubwa, na usiniletee habari za vitamini."

Amenitoa kwenye meza, Shangazi. Sasa nakaa mlangoni, napokea wateja, nawapima, naandika vipimo vyao daftarini. Alifanya kwa wema, na mafundi wote wananisemesha kwa upole, hata ile Transfoma wameiacha. Ningependa waendelee. Nikisikia mkasi wa mwingine unapita kwenye ile meza, kra, kra, kra, najifanya nahesabu mikono ya mashati.

Hospitali kubwa nikapelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Kumbe ni dada wa makamo aliyevaa raba, ana haraka ya miguu lakini hana haraka ya maneno. Alinigonga magoti kwa nyundo ndogo. Akaninyooshea mstari wa vigae, akaniambia nitembee kisigino kwa kidole. Nikayumba hatua ya nne. Akanifumbisha macho akanigusa vidoleni kwa pamba, kisha kwa ncha kali, niseme ipi ni ipi. Nilisema kwa ujasiri, na nusu nilikosea. Alipoinamisha kichwa changu polepole, nikashtuka kabla sijasema neno.

"Umeme?" akaniuliza.

Shangazi, nilitaka kumkumbatia. Tangu mwezi wa pili huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeuita jina lake kabla yangu. Kumbe kuna watu wengine wanaopigwa na umeme usio na waya. Sikuwa mwendawazimu.

Aliniandikia nipigwe picha ya kichwa na uti wa mgongo, kwenye ile mashine unayoingizwa kama mkate kwenye tanuri. Nikapewa tarehe. Na hapo ndipo ikabidi nimwambie Mama, kwa kuwa fomu ilitaka niandike jina la mtu wa karibu.

Nilikuwa nimemficha miezi yote hiyo kwa sababu ya presha yake, na kwa sababu ya Baba. Wewe unajua alivyokuwa baada ya Baba. Nikapanga maneno kama mwanasheria. Nikamkuta jikoni anapanga vyombo, nikasema, "Mama, kuna jambo dogo."

"La mkono au la jicho?" akauliza, hata hajageuka.

Nikaegemea mlango.

Akageuka, ana kikombe mkononi. Kilikuwa cha bati. Hapo ndipo nikaona, Shangazi, kitu nilichokuwa nakitazama kila siku bila kukiona: vikombe vyetu vya udongo havikuwepo tena mezani. Sahani zote zilikuwa za bati. Birika la maji ya moto lilikuwa limehamishiwa upande wake. Na ngazi, ambazo zamani alikuwa ananituma hata mara tano kwa siku, nikakumbuka hajanituma tangu sijui lini.

"Umejuaje?"

"Nimekuzaa, nisikujue? Zamani ulikuwa unashuka zile ngazi kama mvua ya mawe. Tangu mwezi wa tatu unashuka kama bi harusi, na ukuta umeushika. Chai unaipokea kwa mkono wa kushoto. Ukitazama televisheni unafumba jicho moja, unadhani mimi natazama televisheni?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakusubiri." Akakiweka kile kikombe chini taratibu. "Mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini nilisema, huyu ni mtu mzima, atakuja mwenyewe. Umechelewa, mwanangu. Umechelewa sana. Mama yako amechoka kusubiri."

Tulikaa chini sakafuni, sote wawili, migongo kwenye kabati. Hakulia. Alinishika ule mkono wa kulia, akawa anauminya kidole kimoja kimoja, anauliza, "Hapa unasikia? Na hapa?" Pale niliposikia nilisema ndiyo. Pale nisiposikia nilisema ndiyo vilevile, na nadhani alijua.

Siku ya picha tulikwenda naye. Mama akiogopa hutafuta kazi: alilifuta benchi lote la hospitali kwa kitambaa chake cha kichwa, mpaka mlinzi akamuuliza kama ni mwajiriwa mpya. Mimi humo ndani mashine ilikuwa inagonga kama mafundi bati ishirini, nami nimelala kimya nikihesabu tabaka za kitambaa kisichokuwepo.

Majibu yakatoka baada ya siku sita. Nikuandikie alivyosema daktari, neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia sana.

"Si uvimbe," alisema. "Hilo nalijua, liweke pembeni. Damu yako ni safi. Lakini nimeona alama mbili, moja kwenye uti wa mgongo hapa shingoni na moja kichwani."

"Ni ugonjwa gani?"

"Sijui bado."

"Hujui, daktari, au hutaki kuniambia?"

Akavuta kiti akakaribia. "Ningejua ningekuambia, maana mwili ni wako. Huenda ni jambo la mara moja, limekuja, litapita, usilione tena maisha yako yote. Huenda ni mwanzo wa ugonjwa unaokuja na kuondoka, na huo una dawa za kuupunguza kasi. Leo alama hizi hazitoshi kusema ni lipi. Nikikuchagulia jina leo nitakuwa nakudanganya. Tutapiga picha nyingine baada ya miezi sita."

Kisha akamgeukia Mama. "Mama, una swali?"

Mama akasema hana.

Nilipewa dawa ya kuingia mshipani siku tatu. Sindano wako amechomwa sindano, cheka kidogo. Ilinipa ladha ya chuma mdomoni, kama nalamba funguo, na njaa ya askari. Nilikula mpaka Mama akaanza kuficha mkate. Lakini imesaidia. Umeme sasa unakuja mara moja kwa siku mbili tatu. Mkono ile glavu imekuwa nyembamba. Ndiyo maana naweza kukuandikia, ingawa barua hii nimeianza Alhamisi. Jicho linaona karibu sawa na lenzake, ila nyekundu bado si nyekundu.

Sasa lile la yule seremala. Najua unasubiri, na najua Mama ameshakudokezea kwamba alikuwa anataka kuja na wazee wake kabla ya mwisho wa mwaka. Sikutaka aje kuomba mtu ambaye hamjui. Nilimfuata kwenye karakana yake siku moja baada ya majibu. Alikuwa anapiga randa mlango. Nikakaa kwenye rundo la mbao nikamwambia yote, na lile "bado" la daktari nikaliweka mwishoni.

Aliendelea kupiga randa. Nywele za mbao zinaanguka, haniangalii. Mwishowe akauliza, "Ina maana utakuja kushindwa kutembea?"

Nikamwambia, "Sijui. Inawezekana. Inawezekana nisishindwe."

Akasema, "Sawa." Basi. Nikanyanyuka nikaondoka.

Siku tisa hakuja wala hakupiga simu. Mama hakumtaja hata mara moja, na kutotajwa kwake kulijaza nyumba. Mimi nilishamsamehe siku ya nne, nikamlaani siku ya tano, nikamsamehe tena ya saba. Siku ya kumi, jioni mapema, akaja. Amenyoa, amevaa shati nililomkatia mimi mwenyewe. Akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Naogopa," akasema.

Nikamwambia, "Hata mimi."

"Nimekaa nyumbani siku zote hizi naogopa peke yangu. Nikaona haina maana. Kama ni kuogopa, nije niogopee huku."

Mama kutoka jikoni akapaza sauti: "Kama mnaogopa, ogopeni mkiwa mmekaa! Mlango wazi unaingiza mbu."

Sijui itakuwaje, Shangazi. Nimemwambia wazee wake wasubiri mpaka picha ya pili, na asijione amefungwa. Amekubali, lakini naona halipendi neno hilo la kusubiri, na mimi ndiyo silipendi kabisa. Kuna asubuhi naamka nikiwa mzima kabisa, nashuka ngazi mbilimbili. Kuna asubuhi mguu unakufa ganzi kwa sababu tu nimeukalia vibaya, kama wa mtu yeyote, nami nabaki nimeketi kitandani nikisubiri damu irudi. Sasa siwezi tena kujikwaa kama watu wengine. Kila nikijikwaa ni dalili.

Nina mambo mawili ya kukuomba.

La kwanza ni swali la daktari. Aliuliza kama katika familia kuna mtu aliyewahi kupoteza nguvu za miguu au uwezo wa kuona akiwa bado kijana. Upande wa Mama hakuna. Upande wenu Mama hajui, na Baba, unamjua, hata jino likimuuma alikuwa anasema ni upepo. Wewe ndiye uliyebaki unayejua. Kama yupo, niambie, hata kama wakubwa mlikubaliana lisisemwe. Kama hayupo, niambie pia. Usinipunguzie wala usinipambie.

La pili ni hili. Picha ya pili ni tarehe 14 mwezi wa kumi na moja. Nataka uje.

Usije kunitia moyo. Wa kunitia moyo ninao tele. Kila anayesikia ananiambia nitapona, kisha anaondoka upesi. Nakumbuka ulivyokaa na Baba zile wiki za mwisho, ini lake lilipokwisha. Chumba kizima kilikuwa kinamwambia atapona. Wewe ulikuwa unamkata kucha na kumsimulia visa vya majirani zako, nani kagombana na nani na kwa ajili ya kuku gani. Nilikuwa mlangoni nikasikia anacheka. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka kwenye lile benchi. Jibu likija zuri, tutarudi nyumbani. Likija baya, tutarudi nyumbani vilevile, na utakuwa hujamaliza kisa.

Mkono umeanza kuchoka, herufi zinalala. Nisalimie mzee wako, na wale mapacha wako wa mwisho, mwenye pengo na asiye na pengo. Mwambie binamu mkubwa, dereva, kwamba kitambaa alichoniletea bado nakitunza. Nitakikata mimi, si mtu mwingine. Mama anakusalimu, nitamwachia nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Seremala naye anakusalimu, amesema nisiandike, nimeandika.

Mungu akulaze salama na kukuamsha salama, na mlango wako usigongwe na habari mbaya.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kwa mikono yote miwili,

Sindano

*

Wifi yangu,

Amekwenda kununua bahasha, ameniachia barua nikusalimu. Nimeisoma yote, Mungu anisamehe, na bahasha nitaifunga mwenyewe asiyaone haya.

Ni kweli daktari aliniuliza kama nina swali nikasema sina. Nilikuwa nalo: nitamzika na huyu, kama nilivyomzika kaka yako? Siwezi kuliuliza mbele ya mtoto, na kulibeba peke yangu nimeshindwa.

Usisubiri mwezi wa kumi na moja. Njoo sasa, wifi. Mwambie umenikumbuka tu.